Mwalimu Zaitun na Kura za Makuli

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Masheikh wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu.

Marehemu Zaitun Hashimu Mwinyimvua alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 huko Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, mtoto wa tatu wa Mzee Hashimu na Bi. Hadija, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mbwera, akahitimu ualimu mwaka 1983, akafundisha Mkongo, kisha mwaka 1991 akahamia Kibiti, ambako alisifika kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na kwa kutomwadhibu mtoto aliyechelewa kabla ya kumuuliza ametokea wapi.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na Bwana Haruna Nasibu, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu, Yasmini, Saadi na Abdulazizi. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2008.

Mwaka 2010 aliacha ualimu, akagombea ubunge, akaangushwa vibaya, maana makuli wa maghala ya korosho, akina mama wachambuaji na vijana wa bodaboda hawakumpa kura. Hakununa. Alimfuata Bwana Huseni, kiongozi wa makuli, akamuuliza kisa, naye akamjibu bila kupepesa: "Mwalimu, wewe unatuita mkutanoni saa kumi, na saa kumi sisi tuna gunia kichwani. Ukitukuta njiani unatupungia mkono tu, unapita." Maneno yale yalimchoma, na tangu hapo, hata pasipo uchaguzi, akawa anapitia ghalani asubuhi, anakaa juu ya magunia, anasikiliza.

Mwaka 2015 aligombea tena, safari hii akifadhiliwa magari ya kampeni na Bwana Miraji, mwenye ghala. Wiki ya mwisho ya kampeni, lundo la magunia ghalani mwake likamwangukia kuli mmoja, akavunjika mguu, akarudishwa kwao bila matibabu, na wenzake wakagoma. Bwana Miraji akamtaka mgombea wake akawatulize. Marehemu alikwenda, lakini alipofika akasimama upande wa makuli, akasema mbele ya wote: "Bwana Miraji, ahsante kwa magari, yachukue. Kijana atibiwe kwanza, habari ya kazi tutaiongea baadaye."

Magari yaliondoka siku ileile, na wanawe walimwona amejiinamia jikoni, akiamini mambo yamekwisha. Kulipokucha bodaboda zilikuwa zimejipanga mlangoni kwake, watu wa kwao Mbwera wakatoa boti za kampeni, makuli waliogoma na wachambuaji waliotoka kazini wakapita nyumba kwa nyumba kumwombea kura, na Bwana Miraji, kwa kuona aibu mbele ya mji mzima, akampeleka kijana yule hospitali. Matokeo yaliposomwa, Mwalimu Zaitun alikuwa ameshinda kwa kura thelathini na saba.

Kwa miaka mitano alihangaika, mara akisikilizwa, mara akichekwa, hadi makuli wa Kibiti walipopata mikataba na bima ya matibabu, kisha mwaka 2020 akang'atuka kwa hiari yake.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2023, akatibiwa Utete na Dar es Salaam, na alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, Mola akamchukua. Siku chache kabla, Bi. Mwanajuma, mchambuaji wa korosho anayetaka kugombea udiwani mwaka huu, alimsomea hotuba yake ya kwanza hapo kitandani. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akamwambia: "Nzuri, mwanangu. Ila fupisha, watu wana kazi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumuuguza, walimu wenzake, na ninyi makuli mliofunga kazi leo ili kuja kumsitiri. Mwenyezi Mungu amsamehe alipokosea, ailaze roho yake penye wema, na ampe nguvu Bi. Mwanajuma, ambaye kesho asubuhi anaanzia ghalani.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.