Mama Hortense Kavugho Anaiacha Meza ya Spidomita

Mama Hortense Kavugho anastaafu tarehe 31 Julai 1979, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Kamwokya kwa miaka kumi na mitano. Ametimiza umri, na macho yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa chombo chake cha kwanza cha kazi, yamechoka. Wenzake wameniomba mimi, Rukiah wa stoo ya vipuri, niandike habari zake kwa ajili ya kijitabu cha hafla. Nimekubali kwa furaha, ingawa si yote nitakayoyaandika yanafurahisha.

Mama Hortense aliingia Uganda mwaka 1964 akikimbia vita vya Kongo. Baba yake alikuwa fundi wa saa mjini Butembo, na binti alijifunza kazi hiyo akiwa amekaa kando yake. Alipofika Kampala hakupata mtu wa kumpa saa za kutengeneza. Msimamizi wetu wa wakati ule alimwona sokoni akiifungua redio ya muuza ndizi kwa kisu kidogo, akamwambia aje kesho yake karakanani. Alikuja, akapewa meza iliyo chini ya dirisha, na meza hiyo hajaihama hadi leo.

Kazi iliyomjengea jina ilianza serikali ilipoamua kwamba barabara zetu zihesabiwe kwa kilomita. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Uingereza yalikuja na spidomita za maili, na mwenye gari hakupewa kibali cha barabarani mpaka spidomita ibadilishwe. Wengi walidhani ni kufuta namba na kuandika nyingine. Mama Hortense alikuwa akiitoa spidomita yote, anaufungua uso wake, anaupaka rangi nyeusi na kuandika namba mpya kwa brashi nyembamba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kisha alibadilisha gia ndogo ya ndani ili mita ya safari nayo ihesabu kilomita. Mwisho gari lilipelekwa barabara ya Jinja kupimwa, na kama mshale ulidanganya hata kidogo, alianza upya bila kunung'unika.

Karakana nzima inamkumbuka mfanyabiashara mmoja wa Kamwokya aliyerudi siku mbili baada ya kuchukua gari lake, akiwa amebeba jogoo wa shukrani. Zamani, alisema, gari lake lilikuwa likifika sitini tu, na sasa linapita tisini.

"Gari ni ile ile, baba," Mama Hortense akamjibu. "Namba ndiyo imekimbia."

Yule bwana hakuelewa. Jogoo tulimla.

Mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi hakuwa mwajiriwa wetu. Alikuwa Bwana Ogwal, mkaguzi wa magari, kijana wa Lango, kaskazini, aliyesomea Uingereza na kurudi na gari lake aina ya Kotina, la rangi ya maziwa. Yeye ndiye aliyekuwa akija kuzikagua spidomita na kutia sahihi vibali. Gari lake mwenyewe lilikuwa la maili, naye hakujipendelea. Alilileta kwenye foleni kama watu wote. Mama Hortense aliuandika uso wa spidomita ile kwa mkono wake, na ile saba aliikata kistari katikati, kama walivyofundishwa shuleni Kongo. Ogwal alimtania kwamba saba hiyo haimo katika sheria za Uganda. Mama akamwambia sheria aandike yeye, namba amwachie. Kuanzia siku hiyo Ogwal hakumwita tena Mama Hortense, alimwita Mama Saba.

Mapema mwaka 1977 watu wa kaskazini walianza kuchukuliwa na watu wa usalama wa serikali, ofisini, majumbani, hata kanisani. Ogwal alichukuliwa mchana kweupe mbele ya ofisi yake, akatiwa ndani ya gari lake mwenyewe, wakaondoka nalo. Mkewe, Adyero, mwalimu, aliyekuwa akiishi Kasubi na watoto wao wawili, alizunguka kambi zote za jeshi akimtafuta. Alikuja na kwetu, akasimama hapo kwenye kaunta yangu akiuliza kama mumewe alipita. Tulimwambia hakupita. Watu wake walimsihi akimbilie Kenya, akakataa. Alisema Ogwal akirudi na kukuta nyumba tupu, atawatafuta wapi?

Wiki chache baadaye, asubuhi, Kotina moja ya buluu iliingia uani. Namba zake za usajili zilikuwa mpya, na rangi ilikuwa bado inanuka. Aliyeiendesha alikuwa kijana mwenye shati la maua na miwani myeusi. Wakati ule hakuna aliyehitaji kuambiwa watu wa namna hiyo ni kina nani. Alisema mshale wa spidomita unatetemeka.

"Na ile kilomita, rudisha yote sifuri," aliongeza. "Hii gari iko mpya."

Mama Hortense aliitoa spidomita, akaiweka mezani na kuigeuza uso juu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nikimletea mafuta ya kebo. Nilimwona ameiinamia, ametulia kabisa, mikono yote miwili juu ya meza. Kisha nami nikaiona ile saba.

Kijana alikuwa ametusogelea.

"Wewe mama, mbona unaangalia hiyo kitu kama picha ya mtoto yako?"

"Macho, afande," Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Macho yangu imezeeka. Inataka nikaribie."

Aliitengeneza. Alisafisha kebo, akanyoosha mshale, akarudisha kilomita zote sifuri, akafunga. Kijana alijaribu gari uani, akaridhika na kwenda zake. Mama Hortense aliosha mikono, na alipomaliza akaiosha tena. Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema kitu ambacho sijakisahau.

"Nimeifanya muzuri, Rukiah. Ningeifanya mubaya, angerudia hapa kwenu. Kwa hiyo nimemufanyia muzuri mutu ile."

Siku hiyo aliomba ruhusa mapema. Sikujua alikokwenda, nimejua mwaka huu tu, na mwenyewe ameniruhusu kuandika. Alikwenda Kasubi kwa miguu. Alimkuta Adyero akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akakaa naye na kumwambia alichokiona.

"Labda wameliazima," Adyero akasema. "Wanaazima magari ya watu, Mama, halafu wanarudisha."

"Mwanangu, gari ya mutu mwenye atarudi, hawawezi kuipaka rangi ingine."

Adyero hakulia. Aliendelea kusahihisha daftari lililokuwa mbele yake hadi mwisho, akalifunga, akauliza afanye nini.

Mama Hortense alikuwa ameshafikiri. Wanawake wa Kikongo waliokuwa wakifanya biashara ya vitenge walikuwa wakienda Busia, mpakani mwa Kenya, kila wiki kwa lori, na askari wa vizuizini walikuwa wamewazoea. Alimvika Adyero vitenge vyake mwenyewe, akamfunga kilemba, na kwa siku zilizobaki kabla ya safari akamfundisha kusema Kiswahili cha Kongo. Mwalimu akawa mwanafunzi. Jumamosi walipanda lori pamoja na watoto, Mama Hortense akiwa katikati yao.

Kabla ya Iganga walisimamishwa. Askari alimnyooshea Adyero kidole.

"Wewe, mtu ya wapi?"

"Miye mutu ya Butembo, afande. Nakwenda kutafuta bitenge."

Askari akaendelea kumtazama. Hapo mtoto mdogo, Laker, aliyekuwa amechoka na jua, akaanza kulia na kumwita mama yake kwa Kilango. Mama Hortense alimtia kipande cha gonja, ndizi ya kuchoma, mdomoni na kumfokea kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, kwa sauti kubwa na maneno mengi, kama bibi aliyechoshwa na wajukuu. Wale wanawake wengine wakaanza kucheka na kumtetea mtoto, nao kwa Kinande. Askari akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. Wakapita.

Jumatatu Mama Hortense alikuwa mezani pake. Aliniambia alikuwa amekwenda harusini.

Miaka miwili iliyofuata alifanya kazi vizuri kama kawaida, lakini namba hakuandika tena. Alisema mkono unatetemeka, akamwachia fundi mwenzake Opio brashi zake zote, akabaki na gia na kebo. Tuliamini ni uzee. Na kila Kotina ilipoingia uani, yeye alikuwa na shughuli stoo kwangu. Alikuja akakaa juu ya sanduku la boliti, nami nikajifunza kutomuuliza.

Serikali ile ilianguka Aprili mwaka huu. Mwezi wa sita Adyero alirudi. Alikwenda kila mahali watu walikokuwa wakiwatafuta watu wao, akaingia kila mlango uliokuwa umefunguliwa. Hakupata mwili, hakupata hata shati. Kisha akaja hapa, akampita kila mtu, akaenda hadi chini ya dirisha. Walishikana wakakaa hivyo. Mafundi walizima mashine, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa.

Uongozi ulipomuuliza Mama Hortense anataka zawadi gani ya kustaafu, wengine wetu tulitarajia cherehani, maana alishawahi kuitaja. Alisema hataki kitu. Alisema Ogwal hana kaburi, na mtu asiye na kaburi hajaagwa, na yeye anaona haya kuagwa peke yake. Aliomba hafla iwe ya wawili.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya chakula na hotuba, tutakusanyika uani. Padri wa Kamwokya atasali, nami nitaomba dua kwa namna yangu. Adyero atalitaja jina la mumewe, jina lake lote, nasi sote tutalirudia kwa sauti. Katika miaka miwili hii, humu karakanani, hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mama Hortense, unarudi Butembo kwa dada yako ukituacha na meza tupu ambayo hakuna aliyekubali kuikalia. Asante kwa kazi ya mikono yako, na asante kwa safari ile ambayo uliifanya bila kutuambia ili tusije tukaulizwa. Mungu akupe siku ndefu, nyumba yenye watu, na usingizi mwororo. Uishi vyema, mama yetu. Na Jumamosi usiogope kulia. Safari hii tutakuwa wengi.