Ghala la Wambura Halikuwa Tupu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tunakuomba umalize uji kwanza. Hatuna haraka. Uji huo ni wa mawele, umechachushwa vizuri, na kibuyu ulichoshika ndicho tunachompa mgeni tunayetaka arudi. Chifu wetu, wachungaji, walimu, majirani zetu wa Karurumo, na nyinyi mliotoka kwenye baridi ya Timau mkaingia na makoti kwenye jua la Kiritiri, karibuni nyote. Vueni makoti mkae.

Sisi ni Kikundi cha Akina Mama Watunza Mbegu wa Kiritiri. Anayesoma ni katibu wetu, Purity, kwa sababu ana sauti na haogopi watu. Lakini habari tunayokuletea ni ya Wambura, mke wa Gichovi, yule mama wa kitambaa cha kijani aliyeketi mstari wa mbele akiinamisha kichwa. Hapendi kusemwa hadharani. Leo atavumilia.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, ukigeuza shingo kushoto utaona maghala yamesimama mstari mmoja nyuma ya soko. Usidhani yalijengwa sokoni. Soko ndilo lililoyafuata. Pale palikuwa na boma la babu yake Gichovi, mzee aliyekuwa na wake kadhaa, na kila mke alikuwa na ghala lake. Mama akizeeka au akifariki, ghala linabaki kwa mke wa mwanawe, naye analikandika upya na kuendelea kulijaza. Lile la mwisho, linaloegemea kidogo upande wa Kiambere, ni la Wambura. Alikabidhiwa na mama mkwe wake akiwa bado bibi harusi, hajui hata kuinua paa.

Ghala letu husukwa kwa fito, likakandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kisha likaketishwa juu ya mawe ili upepo upite chini na mchwa wakose njia. Halina mlango. Unapanda ngazi, unaliinua paa la nyasi kwa bega. Mwanamume hukata fito na kuezeka. Akimaliza anashuka, na kuanzia hapo hachungulii tena maisha yake yote. Ghala ni la mke. Mume akijua kilichomo ataanza kuwapimia watoto chakula, au atawaalika marafiki mpaka kiishe. Ndivyo mama zetu walivyotuambia, na wanaume wetu, kwa heshima yao, hawajawahi kubisha. Mume wa hapa akiulizwa ghalani kuna nini, jibu lake ni kwamba hajui, wala hasemi uongo.

ALAMA NYEKUNDU

Mwaka ule wa ukame, kabla ya mvua kubwa, maafisa walikuja kupima soko ili lipanuliwe. Tulifurahi sana, maana nani hataki soko kubwa? Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu wenyewe. Kwa mazoea yetu wageni wa serikali hupokelewa na wanaume, basi tukawaachia wanaume. Wambura akaenda zake mtoni, Gichovi akabaki na wageni.

Afisa mmoja, kijana mpole asiye wa huku kwetu, akamuuliza, "Mzee, humu ndani mnaweka nini?"

"Sijui," Gichovi akasema.

"Kwani ni la nani?"

"La mke wangu."

"Na wewe unaishi wapi?"

"Hapa hapa. Nimezaliwa hapa."

"Na hujui kilichomo?"

"Sijui, bwana afisa."

Kijana akagonga ukuta, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Basi halina kitu," akasema. Gichovi akanyamaza. Angesema lina kitu, ingekuwa amekiri kwamba amechungulia, na hilo asingelitamka mbele ya wanaume wenzake. Akanyamaza hivyo hivyo kutoka ghala moja hadi jingine, na kila walipopita, mwenye brashi ya rangi alifuata nyuma.

Wambura aliporudi na mtungi wa maji mgongoni, aliikuta alama ya X ukutani bado mbichi. Alitua mtungi, akaigusa kwa kidole, kidole kikatoka chekundu.

"Baba Ireri, nani amelichora ghala la mama yako?"

"Serikali. Wanasema maghala ni matupu. Yatabomolewa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sijui."

Wambura alichemka. Ametuambia mwenyewe kwamba nusura amrushie kata ya maji. "Ulishindwa nini kuwaambia limejaa?"

Gichovi akamtazama. "Kumbe limejaa?"

Hapo hasira ikamwishia, akabaki na uchungu tu. Mumewe alikuwa amekula kutoka ghala lile tangu wakiwa vijana, na kweli hakuwa akijua. Na angekuwa anajua, Wambura angemkasirikia zaidi. Akaketi kando ya mtungi, akalia kidogo, kisha akaondoka kuwafuata maafisa.

Aliwapata wakipanda gari. Alijieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, wakamsikiliza kwa adabu. "Mama, usijali," wakamwambia, "mnajengewa ghala la kisasa, la saruji na mabati. Haya ni mambo ya mababu." Gari likaondoka.

MVUA YA TISINI NA SABA

Mgeni rasmi, mvua ya El Nino hatuna haja ya kukusimulia. Barabara uliyojia imekusimulia. Ilianza tukaishangilia, maana tulikuwa tumekauka, na iliendelea mpaka tukaanza kuiogopa. Mito ilichukua mashamba ya bondeni pamoja na udongo wake. Tingatinga la kubomoa maghala lilikwama huko njiani, na kwa hilo tu tuliishukuru mvua.

Ghala la kisasa lilikuwa limekamilika, nasi tulikuwa tumeweka humo mahindi yetu ya mbegu. Sakafu yake ilikaa chini sana. Maji yalipita chini ya mlango, mahindi yakaota ndani ya magunia. Tulisikia harufu kabla hatujafungua. Hatumcheki mtu kwa hilo, maana magunia yalikuwa yetu na tuliyapeleka kwa miguu yetu.

Siku zote hizo Wambura alipita kwenye ghala lake asubuhi, akaweka kiganja ukutani, akaenda zake bila kupanda. Aliogopa. Kama na lile la mama mkwe wake lilikuwa limeoza, basi maafisa walikuwa na haki, na sisi sote hatukuwa na kitu cha kupanda. Mvua ilipopumzika, tulimkuta ameshaegemeza ngazi. Tukasimama chini. Alipanda, akaingiza bega, akainua paa, na pale alipoinua pakatoka vumbi.

Vumbi, mgeni rasmi. Hakuna mtu hapa aliyekuwa ameona vumbi kwa miezi.

Kisha tukamsikia analia. "Mama Ireri, limeoza?" tukamuuliza. Akatoa kichwa, uso umejaa majivu na machozi, akasema, "Leteni vikapu."

Kulikuwa na mawele kwenye masuke yake, yamelazwa ndani ya majivu kama alivyoyaacha. Kulikuwa na mtama mwekundu. Kulikuwa na vibuyu vya kunde na ndengu, midomo yao imezibwa kwa samadi, na tulipozibua kimoja mbegu zililia kwa ukavu tulipozitikisa. Tukafungua na maghala mengine, moja baada ya jingine, kila mama akipanda kwenye lake. Moja tu lilivuja, na hata hilo lilitoa nusu. Tuliimba mpaka wanaume wakaja kuuliza kumetokea nini, na hatukuwaambia.

MAFANIKIO YETU

Tulikopesha mbegu kwa kibuyu, kwa masharti ya zamani: unachukua kibuyu, ukivuna unarudisha kibuyu kimejaa mpaka mdomoni. Hakuna aliyefukuzwa. Kuna jirani mmoja aliyekuwa hasalimiani na Gichovi kwa ajili ya mbuzi, naye alipewa, na sasa wanasalimiana, ingawa habari ya mbuzi haijaisha. Watu wa Karurumo walikuja na vyombo vyao. Akina mama wa Timau, kina Karwirwa, walichukua ufundi, si mbegu, kwa sababu mawele hayawezi baridi yao. Wamejenga maghala mawili ya maharagwe huko juu, na wamekuja leo kujivuna.

Mavuno ya mwaka huu wa tisini na nane umeyaona ukipita. Vibuyu vimerudi vyote. Shule yetu inapika kande ya mtama na kunde kila Ijumaa, na walimu wanasema Ijumaa haina watoro. Vijana waliokuwa wakituambia mawele ni chakula cha ndege wanapanga foleni hotelini kuomba uji wake, tena wakikuta umeisha wananuna.

Na yule kijana afisa alirudi. Alikuja peke yake, akavua kofia, akamwomba Wambura ndengu za kumpelekea mama yake, ambaye shamba lake lilisombwa. Wambura alimjazia kibuyu. Kijana akaitazama ile X, akasema, "Mama, mwalikeni Mkuu wa Wilaya aje aone mwenyewe." Ndiyo sababu uko hapa.

YANAYOTUTATIZA

Miti ya fito inaishia kwenye magunia ya makaa. Nyasi za kuezekea tunazifuata mbali. Mawele yanataka mtu wa kufukuza ndege, na waliokuwa wakifukuza wako darasani. Hatulalamiki, wasome, lakini sisi akina mama tumekuwa tukirusha mawe kwa mkono na mabega yanauma. Hayo tutayamaliza wenyewe.

Tusiloweza kulimaliza ni tingatinga. Barabara imetengenezwa kiasi na limeshafika. Liko pale karibu na gari lako, mgeni rasmi, na dereva wake anakunywa uji wetu. Anasubiri neno lako.

OMBI LETU

Tunaomba soko lipanuliwe upande wa pili wa barabara, ambako ardhi ni ya umma na hakuna aliyejenga. Maghala yaachwe, yawe benki ya mbegu ya watu wote, na watoto wetu wajifunze kuyasuka. Lakini hatutaki ukubali kwa sababu tumekupa uji. Tunataka uone.

Kwa hiyo Wambura amefanya jambo ambalo halijafanyika katika boma lile. Amesema leo mwanamume atachungulia. Utatuwia radhi, wewe si wa kwanza. Asubuhi hii, kabla hujafika, alimwita mumewe, akamshikia ngazi. Gichovi alikataa. Wambura akamwambia, "Panda, Baba Ireri. Umelala njaa ukaniamini, umelala umeshiba ukaniamini. Panda uone." Akapanda, akainua paa kwa bega lililozeeka. Alikaa huko juu kitambo kirefu. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, na tulimzunguka tukimuuliza kwa pamoja: Mzee, umeona nini?

Akajifuta majivu usoni. "Sijui," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Mgeni rasmi, tulicheka mpaka tukashikana. Gichovi ana haki ya kutojua. Ameipata kwa kuliheshimu ghala la mkewe. Wewe huna. Ngazi ile pale, Wambura ataishika. Chini yake, karibu na ile X, tumeweka ndoo ya chokaa na brashi mpya. Panda, chungulia, kisha ushuke utuambie mbele ya watu hawa wote na mbele ya dereva wa tingatinga kama ghala hili ni tupu.

Mungu aliyeuacha upepo upite chini ya maghala yetu akurudishe nyumbani salama, akupe watoto wanaoshiba na wajukuu wanaopenda uji. Na mikono yako ikirudi na chokaa, mkeo asikuulize sana.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Watunza Mbegu, Kiritiri.