Mashine Iliyoombewa kwa Kibukusu

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenisimamisha mbele yenu leo kwa miguu miwili inayolingana! Mnaonyoosha shingo huko nyuma, ndiyo, ni mimi. Sivuti mguu wala siegemei mtu. Mnisamehe nikijivuna kidogo. Najivunia kazi ya Bwana, na yeye mwenyewe anajua nilivyoingoja siku hii.

Kwa wageni, mimi ni Mama Nekesa, fundi wa nguo hapa mtaa wa Umoja. Majoho ya kwaya mnayoyaona ni kazi ya mikono yangu. Nasema mikono, lakini aliyewahi kutumia cherehani ya kukanyaga anajua kwamba miguu ndiyo inayoshona. Nao mguu wangu wa kulia ulikuwa umenikataa. Nyonga iliuma nikikaa, ikauma nikisimama, na nikilala ndipo ilipopata nafasi ya kuuma vizuri. Maji yakipotea kwenye mifereji, na Umoja yetu mnaijua, majirani walinibebea mitungi, mimi niliyezoea kubeba wangu na wa jirani. Wateja wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwa mafundi wa mtaa wa Buruburu. Nikabaki kushona vifungo. Ndugu zangu, fundi aliyebaki na vifungo tu amebaki na jina.

Hospitalini walinipiga picha, wakaniambia kichwa cha mfupa wa paja kimelika, hakizunguki tena sawasawa mahali pake. Njia iliyobaki ilikuwa kukikata na kuweka cha chuma. Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikalipeleka jambo hilo kwenye ushirika wetu wa akina mama.

Akina mama waliomba! Walifunga, wakaniwekea mikono, wakaimba mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama tumefiwa. Na desturi yetu hapa mnaijua. Mtu akishaombewa, ushuhuda haungojwi. Hutolewa kwa imani kabla jibu halijafika, ili shetani aaibike mapema. Jumapili ile Mama Mutua, kiongozi wetu, alisimama hapa nilipo akatangaza kwamba Mama Nekesa amepona nyonga. Kanisa lote likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa pale kwenye benchi, nikingoja mtu wa kuninyanyua.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kusema naumwa. Ningesemaje, na nimeshatangazwa? Fimbo niliiacha nyumbani. Nikikutana na dada wa ushirika njiani nilisimama wima nikatabasamu, na akishapita nikashika ukuta. Kwenda kukatwa kungekuwa ni kuwaambia watu kwamba Mungu wetu hakusikia. Mguu wangu ulikuwa unakufa, na mimi nilikuwa nalinda jina la kanisa.

Ndipo wakaja wageni kutoka Ujerumani, ndugu zetu wa kanisa rafiki. Mmoja wao alikuwa Daktari Inge, mpasuaji wa mifupa, mama aliyekula ugali na dagaa wa omena bila kubembelezwa. Nilikuwa nikiwamiminia chai. Yeye hakuitazama chai, alitazama ninavyotembea. Akaniuliza, mchungaji akifasiri, "Mama, unaumwa tangu lini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Mutua alijibu, "Huyo alishapona, daktari."

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana aliponigeuza. Niliweka birika chini nikasema, "Sijapona. Naumwa hata sasa hivi ninavyoongea."

Wapo waliosema nimelivua kanisa nguo. Mama Mutua akaacha kunisalimu, na hilo liliniuma karibu kama nyonga yenyewe. Lakini mchungaji alisema hajui ni wapi Bwana alimponya mtu aliyekuwa akimwambia haumwi. Ndugu wa Ujerumani wakanialika kwao, na hospitali anakofanya kazi Daktari Inge ikakubali kunipokea.

Huko niliwekewa mfasiri, mzee Mjerumani aliyewahi kuishi Tanga, Kiswahili chake kisafi hata nikaona haya kwa niaba ya Nairobi nzima. Kupitia kwake daktari alinieleza kwamba wana mashine mpya, mkono mkubwa wa chuma unaoongozwa na kompyuta. Kwanza wangeingiza pini ndogo za chuma kwenye mfupa wa paja, nyongani na gotini, ili mashine itambue mfupa umelala wapi. Kisha wangepiga picha, naye angekaa kwenye kompyuta akijaribisha vyuma vya ukubwa mbalimbali juu ya picha yangu mpaka apate kinachonikaa. Mashine ingechonga ndani ya mfupa nafasi ya chuma hicho, bila kuzidisha. Hapo nikaelewa. Hata mimi sikati kitambaa cha mtu kabla ya kumpima.

Nikauliza, "Na ikikosea?"

Akanionyesha kitufe ambacho angekishika mkononi muda wote. "Nikiona nisichokipenda, inasimama."

Nikasema ni sawa. Lakini nikamwambia kwamba kwetu hatuanzi kazi na mashine isiyoombewa. Cherehani yangu iliombewa, ngoma za kanisa ziliombewa, hata kipaza sauti hiki kiliombewa. "Nataka kuiwekea mikono," nikasema. Daktari Inge alicheka, kisha akaona sitanii.

Walinivika kofia na joho la kijani, wakanisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka mbele yake. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, mkono wake umekunjwa. Niliiwekea mikono nikaomba kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, maana mambo mazito siyaombei kwa lugha ya shule. Nikasema, "Bwana, chombo hiki hakikujui, lakini wewe unakijua. Kiongoze, na mshike anayeshika kitufe." Nilipofungua macho, daktari alikuwa ameinamisha kichwa. Nasikia baadaye waliifuta mashine yote kwa dawa. Hilo ni lao, maombi hayafutiki.

Sitawadanganya kwamba niliamka bila maumivu. Kidonda kiliuma, na goti lilinisumbua pale ilipoingia pini. Lakini wauguzi waliponisimamisha kwa magongo, niliushusha mguu chini nikaungoja ule uchungu wangu wa zamani, ule wa kusaga. Haukuja. Nikakanyaga tena, na bado haukuja. Nililia mbele ya watu nisiojua lugha yao, na sikuona aibu.

Leo vijana wa Umoja, kwa Sheng yao, wananiita Mathe Roboti, yaani mama wa ile mashine. "Sasa, Mathe Roboti, uko poa?" Niko poa, nami naitika kwa kiburi chote! Cherehani inalia kutwa. Waliokuwa wamehamia Buruburu wamerudi, nami nimewapokea, ingawa nimewatania kidogo. Na wanaoniuliza kama ni Mungu au ni mashine, nawajibu hivi: mimi hushona kwa sindano, na hakuna mteja aliyewahi kuishukuru sindano akaniacha mimi.

Ndugu zangu, sikuja kupinga imani ya akina mama walioniombea. Maombi yao ndiyo yaliyonifikisha kwenye meza ya upasuaji, na mpaka nife nitawashukuru. Ila leo naomba tumwamini Bwana kiasi cha kumwonyesha panapouma. Yupo mtu humu ndani aliyekwisha kutangazwa kuwa mzima, na anaumwa. Simtaji, wala simjui. Nakusihi tu uinue mkono. Bwana hatashangaa, na sisi hatutakucheka.

Tunangoja.

Kwaya, msiimbe kwanza.

Nimeuona mkono wako, Mama Mutua. Kaa hapo hapo, dada yangu, usijilazimishe kuinuka. Nitakuja mimi.