Miaka Ishirini na Tisa ya Kuzidharau Wati za Kwenye Boksi

Ifikapo saa kumi jioni ya leo, Ijumaa, tarehe 30 Septemba, Mkuu wa Kitengo cha Sauti atakabidhi ufunguo wa chumba cha kusikilizia na kuhitimisha utumishi wa miaka ishirini na tisa katika duka letu. Katika kipindi hicho amewauzia spika na amplifaya watu wa kila aina, na takribani nusu yao amewadharau, kwa heshima zote na bila kupandisha sauti. Wasifu huu, unaosomwa mbele yake katika sherehe ya kumuaga, umeandaliwa kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, ambao kwa jumla tumo katika nusu hiyo.

Wateja wengi hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Wanamjua kama Mzee Punguza. Jina hilo lilizaliwa kaunta, kutokana na tabia moja ya binadamu ambayo hajaisamehe hadi leo: mtu akisimamishwa mbele ya amplifaya asiyoijua, kabla hata ya kuuliza bei, mkono wake hukimbilia kitufe cha besi na kukizungusha hadi mwisho. Hapo sauti hutoka nyuma ya rafu: "Punguza!" Wageni hudhani mzee hapendi kelele. Anachotaka kipunguzwe ni besi, ili gita lipate pa kupumulia. Kuhusu ukubwa wa sauti yenyewe, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye sindano yake huruka mshono kila wimbo unapofika kwenye kiitikio, yuko tayari kutoa ushahidi.

Alianzia stoo, akiwa mpakuaji wa maboksi, na huko ndiko alikopata kipimo chake cha kwanza cha ubora, yaani mgongo wake mwenyewe. Amplifaya iliyomkunja kiuno aliiheshimu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na transfoma ya kweli na mabati mazito ya kupozea joto. Ile aliyoweza kuibeba kwapani huku mkono mwingine umeshika kikombe cha chai, aliipeleka rafuni kimya kimya, kama mtu anayesindikiza uongo wa mwenzake. Baadaye alihamishiwa kaunta, kisha akakabidhiwa Kitengo cha Sauti, na kipimo hakikubadilika.

Zilipoingia sokoni zile sabufa zilizoandikwa "wati elfu tano" kwa herufi za dhahabu, uongozi ulitaka ziuzwe haraka. Mzee Punguza aliiweka moja mlangoni, akaunyanyua waya wake wa umeme kwa vidole viwili na kuwaonyesha wapita njia. "Wati elfu tano, jamani, na waya mwembamba kama wa taa ya kitandani! Hizo wati zinapita wapi? Dirishani?" Hata hivyo hakugoma. Aliziuza, kwa kuwa ni mtumishi mtiifu, ila kila mnunuzi aliondoka na baraka zake: "Chukua, mwanangu. Ni nyepesi, hata siku ya kuirudisha hutachoka."

Muziki wa roki aliupata kwa shemeji yake, dereva wa malori, aliyemwachia rundo la santuri alipohama nyumba. Tangu hapo ameamini, na hakuna aliyewahi kumtikisa, kwamba roki ndiyo mtihani unaoviumbua vifaa. Mwimbaji mmoja mwenye gita moja atasikika vyema hata kwenye redio ya jikoni. Roki ina ngoma inayopiga na kunyamaza ghafla, besi inayotembea chini yake, magita mawili yanayogombania sauti ya kati, na mtu anayepayuka juu ya wote. Spika mbovu huvigeuza vyote hivyo kuwa tope.

Kwa hiyo mteja aliyetaka kuboresha vifaa vyake alipewa kwanza maelekezo yasiyompendeza mwenye duka. Arudi nyumbani, azitoe spika zake kwenye kona, azisogeze mbele ya ukuta kiasi cha urefu wa mkono, azielekeze kwenye kiti anachokalia, kisha asikilize wiki nzima. Wengi hawakurudi, maana walikuwa wamepona. Waliorudi walichaguliwa spika kwa wimbo walioujua wao wenyewe, uliozoeleka masikioni mwao, wala si kwa santuri ya duka inayopendezesha kila kitu. Amplifaya ilifuata mwisho, yenye nguvu ya akiba, na juu ya akiba hakuwa na mzaha. Amplifaya dhaifu inayolazimishwa hadi ukomo wake, alifundisha, huunguza spika kuliko yenye nguvu inayoendeshwa kwa adabu. Vijana waliomcheka kwa hilo walirejea wamekumbatia spika zinazonuka moshi, macho yakitazama sakafu.

Ni vyema pia ikaeleweka kwamba dharau yake haikuchagua cheo. Wakili mmoja alinunua jozi ya spika za bei kubwa kuliko zote dukani, akitamka wazi kuwa amezipendea rangi ya mbao. Haukupita muda akapiga simu akidai fidia: gita halisikiki sebuleni, linasikika jikoni. Mzee Punguza akaenda. Spika ya kushoto aliikuta juu ya friji, mlangoni mwa jikoni. Ya kulia ilikuwa nyuma ya kochi, imeupa ukuta uso.

"Mheshimiwa," alisema, "gita liko pale pale ulipoliweka. Ulitaka likufuate?"

Wakili akajitetea kwamba sebule ile imepangwa na mtaalamu wa mapambo.

"Basi mwambie na yeye aje akuimbie."

Walizihamisha pamoja, wakili akiwa amevua koti. Kwa mujibu wa dereva wetu aliyekuwepo, wimbo ulipokwisha mtetezi huyo wa haki aliomba radhi. Aliziomba radhi spika. Mzee Punguza hakuambulia kitu, wala hakuonekana kushangaa.

Lipo na lile la mshauri wa mauzo. Uongozi ulimkodi, naye akaamuru spika zote zipangwe ukutani kama mikate dukani, zifungwe taa za kuwakawaka kwa kufuata mdundo, na chumba cha kusikilizia kigeuzwe kuwa banda la kava za simu. Ukuta ukajengwa. Ikipigwa spika moja, zile nyingine zote zilitetemeka nayo bila kualikwa, na mteja akawa hajui anachokisikiliza wala anachokilipia. Mzee Punguza hakuukaribia. "Mimi nilikuja hapa kuuza sauti. Taa wauze watu wa taa," alisema, akabeba santuri zake na kujifungia katika chumba chake kabla kava hazijafika. Mauzo ya ukuta yalipanda, uongozi ukashangilia, kisha bidhaa zikaanza kurudishwa hadi zikapangwa kwenye ujia wa kwenda chooni. Mshauri aliondoka na ada yake. Chumba kipo. Bila ukaidi ule, duka hili lingekuwa leo kibanda cha kava chenye jina refu.

Katika yote aliyoyafanya, wenzake tunaliweka mbele hili moja: alifundisha watu kusikia. Keshia wetu alikuja akiamini kuwa spika bora ni ile inayotikisa kifua. Mzee alimketisha kwenye kile kiti cha chumbani kila adhuhuri na kumuuliza swali lile lile: mpiga ngoma amekaa upande gani? Mwanzoni dada yetu alibahatisha, na kila jibu la kubahatisha lilipokelewa kwa mguno ambao sote tunaujua. Sasa anaweza kukwambia kama mpiga ngoma ana mguu mzito au mwepesi, na kuanzia Jumatatu Kitengo cha Sauti ni chake. Tayari ameanza kuwadharau wateja kwa ustadi unaotia moyo.

Tungeishia hapo, wasifu huu ungekuwa mzuri na wa uongo. Bwana huyu aliyewasuta wenzake kwa kuzitesa spika, aliyekwenda hadi kwenye sebule ya wakili kumfundisha pa kuweka gita, hajawahi kuusikiliza nyumbani kwake wimbo mmoja wa roki kama inavyopasa. Waliomtembelea wanaijua sababu. Katikati ya ukuta mrefu wa sebule yake, mahali pekee panapofaa, limesimama kabati la vioo alilolileta mama mkwe wake, limesheheni vikombe, bilauri na sahani za wageni. Spika za mkuu wetu wa kitengo zimebanwa kwenye kona, moja kando ya mlango, nyingine nyuma ya pazia. Ngoma ikipiga, kabati huitikia. Kitufe cha sauti hakijawahi kuvuka alama ya tatu.

Na alijua dawa! Ndiyo aliyowaandikia wengine maisha yake yote ya kazi. Yeye badala yake akawa ananunua. Amebadili spika mara tatu na amplifaya mara mbili, na hiyo ya mwisho ni nzito kiasi kwamba iliingizwa ndani na watu wawili wakihema. Kila mara alichopata ni vikombe vinavyogongana kwa sauti safi zaidi kuliko mwanzo. Mtaalamu wetu alikuwa akijilimbikizia nguvu asiyokuwa na ruhusa ya kuitumia. Mteja wa namna hiyo angetokea dukani, angepata mguno ambao angeenda nao hadi kwao.

Aliwahi, mara moja tu, kuomba kabati lisogezwe. Mama mkwe alikuwa hai wakati huo, na kila alipokuja kuwatembelea alikaa akilitazama. Ombi halikurudiwa, hata baada ya msiba. Dukani akiulizwa, hujibu kwamba kwake roki husikilizwa "kwa ustaarabu". Haya ni maneno ambayo, yakitamkwa na mtu mwingine yeyote mbele yake, huwa mwisho wa mazungumzo.

Kamati ya zawadi ilipokaa, basi, ilikuwa na kazi ya kipumbavu kuliko zote zilizowahi kufanyika katika jengo hili: kumchagulia mtu huyu kifaa cha muziki. Mkuu wa Kitengo cha Simu alipendekeza sabufa yenye taa. Meneja akapendekeza saa ya ukutani yenye umbo la gita. Mtu mwingine, ambaye tutamsitiri, akataja visikizi vya kuvaa masikioni, na hapo keshia akaipiga meza. "Mkimpa hivyo, mnamwambia vikombe vimeshinda."

Tukiwa bado katika ubishi huo, Jumamosi moja mzee ametoka kwenda kwa mteja, mkewe aliingia dukani. Ni mwalimu wa hesabu, na hapendi hatua nyingi pale ambapo moja inatosha.

"Nasikia mnamtafutia zawadi."

"Ndiyo, mama, ila tumekwama," keshia alimjibu. "Kila tunachokitaja tunamwona anavyokiguna."

"Atakiguna kweli, mimi si ninaishi naye? Nipeni gari lenu la mizigo, mablanketi, na vijana wanne wenye migongo."

Keshia akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikia vibaya, kama ni lile kabati.

"Ni hilo hilo. Kitinda mimba wetu amehamia kwake, nyumba haina hata rafu, na muziki anaosikiliza hauwezi kuamsha kijiko. Bibi yake angefurahi liende huko." Alifunga mkoba wake, akaufungua tena bila kutoa kitu. "Mama amefariki huu mwaka wa sita. Siku zote hizo nimesubiri aniombe tena, ningemkubalia siku ile ile. Hakuniomba. Anapunguza sauti tu, ananitazama kama anavitunzia vikombe heshima. Msimwambie lakini. Atajifanya hataki."

Mstaafu akigeuka sasa hivi kutazama viti vya nyuma vya ukumbi huu, ataona kwamba vijana wanne wa stoo hawapo. Safari hii hawajachelewa. Walipokelewa nyumbani kwa mstaafu wakati meneja akianza hotuba, na kwa kadiri tunavyozijua hotuba za meneja, wamepata nafasi ya kutosha kukifunga kila kikombe kwenye gazeti. Udhuru wa mkewe wa "kuchelewa kidogo" nao una maelezo yale yale. Spika hazijaguswa, ziko kona zile zile za aibu. Hakuna miongoni mwetu anayejiona anastahili kuzipanga, na hatuna hamu ya kusutwa sebuleni mwa mtu siku ya sherehe yake.

Tunamshukuru kwa wateja aliowaponya bila kuwauzia kitu, kwa chumba alichokilinda kwa ukaidi, na kwa dharau iliyotufundisha kusikia. Zawadi yetu, mzee wetu, haina boksi wala wati. Ni ukuta mtupu, mrefu, wenye alama ya mahali kabati liliposimama.

Maisha mema yaanze leo jioni, Mzee Punguza. Ukifika nyumbani, ongeza.