Soli ya Tairi

Kaeni, wanangu, mmoja huku na mwingine huku, na kama hamtaki kutazamana basi nitazameni mimi, maana sauti niliyobakiza ni ya kusema mara moja tu. Miezi minne nimelala katika chumba hiki nyuma ya karakana, miguu yangu imenitangulia kufa, na juu ya dari wanafunzi wa kungfu wanaruka kila alasiri; nasikia kila kisigino kinachogeuka, nami siwezi hata kujigeuza ubavu. Lakini msidhani nimefungwa na maradhi. Nilifungwa zamani, kwa uzi wangu mwenyewe.

Tuanze na vitu, kwa kuwa ni vyepesi. Cherehani ya ngozi ni yenu nyote wawili, wala haigawanyiki, kwa hiyo msiniulize nani achukue gurudumu. Miguu ya mbao ya kuvalishia viatu ni ya Kitindamimba, ingawa tangu aoe amenenepa hata kigoda changu kinalia akikikalia. Visu ni vya dada yake, Kipanga. Na ufundi wenyewe ushikeni hivi: kiatu cha mazoezi cha turubai kitieni kiraka kwa ndani, pale kidole gumba kinapotoboa, uzi upakwe nta, gundi ikauke kivulini, ila soli iacheni nyembamba na laini, hata ikiisha kwa mwezi mmoja, kwa sababu mpiganaji anageukia unyayo, na kiatu chake kinatakiwa kife kabla ya goti.

Hilo nililijua. Nililijua, wanangu, na ndiyo maana linanitafuna.

Mnakumbuka Kipanga alivyokuwa akimaliza viatu. "Baba, vimetoboka tena." Mwalimu wake wa kungfu naye akacheka mbele za watu kwamba soli za mzee huyu ni za karatasi. Neno lile likaniingia. Nikakata tairi la lori, nikalishona chini ya viatu vyako, Kipanga, mishono miwili miwili, nikaringa kwamba hivi vitanizika. Ulivijaribu hapa sakafuni ukaniuliza, "Baba, mbona vinashika chini?" Nami nikakujibu, "Vizoee."

Kesho yake, huko juu mazoezini, mdogo wako alikurushia teke la kawaida, hata halikukupata sawasawa. Ukageuka. Mwili ulikwenda, kiatu kikabaki, na mimi niliyekuwa mlangoni nikalisikia goti. Ukamwambia mdogo wako kwamba amekuvunja kwa wivu, naye akaamini, akavua mkanda, hajapanda ngazi zile tena. Miaka kumi na mmoja mnapishana mlangoni kwangu kama wapangaji waliogombana. Mimi nikavificha viatu. Siku ya kwanza niliogopa machozi yako. Siku ya pili niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema siku ya kwanza, na tangu hapo kila siku ikaongeza mshono. Mama yenu alikufa akiomba mpatane, mkono wake mkononi mwangu, nami kimya. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, tena walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yote mawili ni mimi.

Unaondoka, Kipanga? Hatua zako nazijua, moja nzito, moja ya kuburuta. Nenda, una haki, na mimi siwezi kukufuata. Mlango huo umevimba kwa mvua, haufunguki mpaka unyanyuliwe. Kitindamimba, mnyanyulie dada yako. Usimzuie.

Mlango sijausikia. Bado mpo?

Basi kama mpo, vuteni sanduku chini ya kitanda. Ndivyo hivyo. Turubai limeoza, lakini itazameni soli, haijalika hata chembe. Katika kazi zangu zote ndiyo iliyodumu. Ibandueni. Kitindamimba ashike, Kipanga akate, peke yake mtu hataweza, nilikaza mno. Msivute. Kateni uzi mmoja mmoja. Na msinizike... msinizike kabla haijatoka.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili. Yenu sijui kama ninayo. Mungu awape nyayo zinazogeuka... pale mtakapotaka kugeuka.

Nasikia kisu. Polepole, mshono wa kwanza ndio mgumu... Sioni huko chini; ni nani anayekata? Basi, msiniambie. Shikeni tu.