Benchi Tupu la Kliniki

Kila mama wa mtaa wetu anajua kwamba siku ya ukaguzi kliniki haipokei wagonjwa.

Mkaguzi wa ubora aliyeketi mbele yangu katika basi hakulijua hilo. Alikuwa akimsimulia mama wa kando yake, aliyempakata mtoto mwenye homa, jinsi kliniki ya mama na mtoto ilivyompendeza jana. "Dada yangu, benchi lilikuwa tupu. Hakuna anayesubiri. Leo ninawapelekea pongezi."

"Tulikuwa nyuma ya ukuta, kaka," mama alijibu. "Walitufukuza tusichafue sakafu, wakasema turudi leo. Huyu amechemka usiku kucha."

"Lakini utaratibu unasema…"

"Huo utaratibu mwambie yeye, labda atapoa."

Sina mazoea ya kuwahurumia wakaguzi, wala sikuyaanza siku hiyo. Basi liliposimama kliniki, foleni ilikuwa imefika barabarani. Kwa aibu, mkaguzi alimchukua mtoto akatangulia getini, mama akimfuata.

Mlinzi, aliyempigia saluti jana, sasa hakumtazama usoni.

"Mwenye mtoto, nyuma ya foleni."

Mkaguzi alikwenda kusimama nyuma ya foleni.