Wilfred Stickland na Njia ya Kanisani

Marehemu Wilfred Ernest Stickland alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa kijijini Compton Thorne, Dorset, mtoto wa kwanza wa mzee Ernest, fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi, na mama Olive. Kabla ya kumfundisha kusoma, mama yake alimfundisha kwamba cha mtu hakiguswi bila kuombwa.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1946, kisha sekondari mjini Sherborne hadi 1956. Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha jibini, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 17 Juni 1967 alifunga ndoa na Muriel Legg katika kanisa hili, wakajaliwa Hazel na Colin. Kila Jumapili, baada ya nyama ya kuoka, marehemu na Muriel waliwaongoza wanakijiji kwa matembezi: nyuma ya nyumba yao, kukatiza malisho ya Bi Squibb, kuvuka kijito, hadi uani mwa kanisa. Kwanza marehemu alibisha mlango wa Bi Squibb, akavua kofia, akaomba njia kwa niaba ya wote.

“Wilf, miaka yote hii bado unaniuliza?” mama yule alimcheka. “Piteni! Ila fungeni geti. Ng'ombe wangu hawana adabu kama zako.”

Muriel alifariki tarehe 2 Novemba 2015, akazikwa hapa. Tangu hapo marehemu alimtembelea kila siku kwa njia ileile. Bi Squibb naye alipofariki, shamba liliuzwa, na mwenye shamba mpya akatia geti kufuli. Ikabaki barabara kuu, nyembamba, isiyo na pa kupita kwa miguu, na malori hayampunguzii mzee mwendo.

Kijiji kilidai njia yake. Ili njia iwe ya umma, sheria ilitaka watu wawe wamepita miaka ishirini bila kuomba ruhusa ya mtu. Kabla ya shauri kusikilizwa, jirani yake Reg Bugler alimkalisha baani.

“Sema hukuomba, basi. Neno moja tu, mzee.”

“Niliomba, Reg.”

“Bi Squibb yuko kaburini! Atakuja kukusuta?”

“Mimi sijafa. Ningepita shambani kwa mtu kama mbuzi?”

“Heri ungekuwa mbuzi, Wilf. Mbuzi angetuokoa.”

Tarehe 14 Machi 2023, katika ukumbi wa kijiji, msikilizaji wa shauri alimuuliza kama waliwahi kuomba ruhusa. Akasimama, kofia mkononi. “Ndiyo, bwana. Kila mara.” Njia ikapotea.

Baadhi ya waliokaa hapa leo walimnunia. Dukani mmoja alimwambia, “Asante sana, Mtakatifu Wilfred,” wengine wakacheka. Nyumbani alimwambia mdogo wake, Enid, “Nimemfungia Muriel mlango kwa mkono wangu.”

“Ungeweza kusema uongo, kaka?”

“Singeweza. Ndiyo maana sina pa kukimbilia.”

Septemba ile moyo wake ulianza kudhoofu. Daktari alimkataza kwenda barabarani, alikwenda. Tarehe 21 Januari 2024 alikutwa mtaroni kando ya barabara, mvua ikimnyeshea, maua ya Muriel yakiwa chini yake. Akashikwa na homa ya mapafu. Hospitalini Dorchester aliuliza mara mbili kama geti limefunguliwa. Enid, ambaye naye hakulelewa kusema uongo, alimjibu mara zote mbili, “Bado, kaka.” Marehemu akageukia ukutani. Alifariki tarehe 28 Januari, alfajiri.

Jana Colin alikwenda kuomba jeneza lipite malishoni, mara hii moja tu. Alikataliwa. Kwa hiyo baba yake ameletwa kwa barabara ileile iliyomwangusha. Anayesema Wilfred alikipotezea kijiji njia na aseme pia, mbele ya kaburi hili, ni uongo upi angependa tumzike nao. Sisi familia hatuna faraja nyingine ya kuwapa, wala hatutaitunga.

Ameacha dada mmoja, Enid. Watoto wawili, Hazel na Colin. Na wajukuu watatu, Bridget, Owen na Tamsin.

Bwana ampokee mtumishi wake mkweli, na ampe pumziko kando ya Muriel.